Wimbo Uliokimbizwa

Harkin Ford, Arkansas
3 Juni 2019

Mpendwa Tansy,

Nimekasirika, kwa hiyo usitegemee nianze kwa kuulizia afya yako. Najua u mzima. Watu wa kanisani waliniambia wamekuona kwenye televisheni ya Little Rock, umevaa suruali ya kubana, unaimba huku umepanda juu ya besi la Boone, lile zeze kubwa la bendi yenu, kama mtu anayeangua mapera.

Jana walinijia wanaume wawili. Nilikuwa barazani nachambua kunde. Mmoja mnene, nywele kazipaka mafuta na kuzisimamisha mbele kama kishungi cha jogoo, na joto lote hili la Juni kavaa koti la ngozi. Mwingine mrefu, mpole, anaitwa Gerald Thackery, ametoka Ohio. Ndiye mwenyekiti wa hilo Tamasha la Rokabili, ule muziki wa dansi wa ujana wangu, mtakalofanya Agosti kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Nikawapa chai ya barafu. Wakanishika mkono kama mimi ni askofu. Yule wa koti akasema, "Hatuamini kama bado uko hai." Nikamwambia asubuhi nyingine hata mimi siamini.

Wakaniomba niwaimbie "Toa Gari Lako". Unajua sijauimba wimbo ule mbele ya mtu tangu nilipokuwa msichana. Lakini waliomba kwa adabu, na kunde zilikuwa zimekaribia kwisha, basi nikaimba. Ubeti mzima na kiitikio chake, huku napiga mguu sakafuni.

Wakatazamana.

Tansy, mimi nimezika mume na nimezika kaka. Najua watu wanavyotazamana mbele ya mgonjwa. Thackery akaniinamia, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Samahani, mama, hapo umepotea kidogo. Ni umri tu, unatuchezea sote. Wimbo wenyewe una kasi, na uko juu zaidi. Ngoja nikukumbushe." Akatoa kigramafoni kwenye mkoba, akaweka santuri, akanifundisha wimbo wangu. Barazani kwangu, nikiwa nimepakata bakuli la kunde.

Nikawaambia hiyo si sauti yangu. Hicho kitoto chenye kwikwi kilichomo kwenye santuri si mimi na hakijawahi kuwa mimi. Coy Landrum, yule aliyeturekodi, alichukua wimbo wangu akampa msichana mwingine auimbe, halafu akabandika jina langu. Yule wa koti akaandika kitu kwenye simu yake. Thackery akanipapasa bega. Hapo ndipo nilipowafukuza.

Sasa nina swali. Nani aliwaelekeza kwangu? Njia ya kuja huku haina hata kibao.

Shangazi yako,
Verlene


Little Rock
9 Juni 2019

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale mlangoni, nikacheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Walikukosea adabu. Nitamwambia Thackery, na nitamwambia vizuri.

Kuhusu nani aliwaelekeza, hawa watu wa santuri wana pua kama mbwa wa kuwinda. Wanamfuata mpiga ngoma aliyecheza mara moja mwaka 1956 mpaka wanamkuta amelazwa kwenye nyumba ya wazee. Usijisumbue na hilo.

Lakini shangazi, naomba usimchukie Thackery. Zimebaki santuri mbili tu za wimbo wako zinazojulikana duniani, na moja anayo yeye. Bila yeye kuinakili, hakuna ambaye angekuwa anaijua leo. Ukisikia watu wanasema rokabili imefufuka, ni kwa sababu ya wendawazimu kama huyu. Wasichana wa Finland ambao hawajawahi kuona shamba la pamba wanaimba "Toa Gari Lako" na ile kwikwi yote. Mimi mwenyewe kila ninapopanda jukwaani wanaupigia kelele huo kabla sijafungua mdomo. Ndio unaonilisha. Thackery anapanga safari ya Finland na Hispania, bendi nzima, majira yote ya baridi. Boone hata pasi ya kusafiria hana, lakini tayari kanunua koti.

Njoo tamashani, tafadhali. Kaa tu watu wakuone.

Na hili la msichana mwingine sijalielewa. Mbona hukuwahi kuniambia? Nilidhani unauchukia wimbo kwa sababu ya babu na kanisa.

Boone ana swali. Baba Mkubwa Dub alikuwa anapigia gitaa kwenye noti gani? Bendi zote duniani zinaupiga kwenye F, lakini Boone akiweka santuri na kupiga besi juu yake, haviingiani. Santuri imepita F, na haijafika G. Imekaa katikati kama mtu aliyekwama mlangoni. Wataalamu wanasema wazee wenu walikuwa wanakaza nyuzi hivyo kwa makusudi. Wanaiita siri ya Arkansas.

Nakupenda,
Tansy


Harkin Ford
14 Juni 2019

Tansy,

Siri ya Arkansas ni mbu. Mwambie Boone asidanganywe na watu wenye makoti.

Dub alipiga kwenye E maisha yake yote, hata kanisani, hata watu wakiimba kwenye G. F inataka ulaze kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote, na kidole hicho cha Dub kililiwa na mashine ya jineri, kinu cha kuchambulia pamba, kabla wewe hujafikiriwa. Nilipanga wimbo wangu kwenye E kwa ajili ya kidole cha kaka yangu. Anayesema Dub alipiga F anasema uongo au hakumjua.

Umeniuliza kuhusu yule msichana, nitakwambia, maana nimechoka kumeza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hershel Pate alikuwa kila jioni anaegesha gari lake uani kwetu, anapiga honi, eti ananitongoza. Kuku wetu walikuwa wanashindwa kupita. Nikatunga: "Toa gari lako, Hershel, kuku wanataka kupita." Tulienda kurekodi kwa Coy Landrum, chumba cha nyuma cha kituo cha redio, ukuta mmoja na jineri. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, pamba imeiva, mashine zinanguruma kutwa. Kila walipoziwasha, taa zetu zilififia mpaka zikawa nyekundu. Coy akawa anatukana umeme. Tukaimba hivyo hivyo gizani. Niliimba vizuri, Tansy. Nilijua nimeimba vizuri.

Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, sikuusikia kwanza, kwa sababu baba hakuruhusu. Niliusikia saluni kwa Oleta, kichwani nina vibanio. Wanawake wakaanza kunipigia makofi. Nami nasikiliza hiyo sauti nyembamba, mbio mbio, kama paka kakanyagwa mkia, nikasema, "Huyo si mimi." Wakacheka. Wakadhani naona haya.

Nikamwendea Coy. Akaniambia kila mtu akijisikia kwa mara ya kwanza anaikataa sauti yake. Mimi? Nilikuwa naimba hewani kila Jumapili na kwaya, naijua sauti yangu kama ninavyojua mikono yangu. Nikamwambia ni mwongo, yeye akaniita mjinga, na mwaka uliofuata akahamia Texas. Nikaona basi. Kama wimbo wangu wameupenda lakini sauti yangu hawakuitaka, sina sababu ya kuwaimbia. Na sikuwaimbia tena.

Hiyo ndiyo hadithi. Usiipeleke jukwaani.

Verlene


Little Rock
20 Juni 2019

Shangazi, shangazi,

Kaa chini kabla hujasoma.

Niliposoma habari za kidole cha Baba Mkubwa Dub, nilimpigia simu Boone papo hapo. Akaja na gramafoni yake ya watu wa disko, ile yenye kidude pembeni cha kupunguza na kuongeza kasi. Akasema, "Kama Dub alipiga E, basi tuirudishe santuri kwenye E, tuone." Tukaweka ile nakala ya Thackery. Boone akaanza kushusha kile kidude taratibu, huku anapiga uzi wa E wa besi lake. Gitaa likashuka, likashuka, likakaa. Boone akaacha kucheka.

Nikakusikia wewe.

Ni wewe, shangazi. Si mtu mwingine. Ile namna unavyolivuta neno "kuku", kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Hakuna kwikwi. Ni pumzi yako tu, unapumua kabla ya kila mstari kama unavyopumua mpaka leo, ila ukiikimbiza inakuwa kwikwi. Mimi nilikaa mwaka mzima najifunza hiyo kwikwi. Nilikuwa nafanya mazoezi bafuni.

Boone ameeleza hivi: jineri ilikuwa inanyonya umeme, mashine ya kurekodia ikawa inazunguka polepole kuliko inavyopaswa. Utepe ulipokwenda kupigwa mji mwingine, kwenye umeme mzima, kila kitu kikakimbia. Gitaa likapanda na sauti yako ikawa ya mtoto. Coy hakukudanganya, na wewe hukukosea. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Mlikuwa mnasema kweli wote wawili, na ukaacha kuimba.

Msichana huyo hajawahi kuwepo. Finland nzima, Hispania, Japani, na mimi mbele yao, tumekuwa tunaiga mashine iliyokosa umeme, tena tunagombana nani anaiiga sawasawa zaidi.

Nimemwandikia Thackery leo hii.

Wako,
Tansy


Kamati ya Tamasha la Rokabili
8 Julai 2019

Kwa Mheshimiwa Bi. Verlene,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Naomba radhi endapo ziara yetu ilikuletea usumbufu. Kwangu mimi ile ilikuwa moja ya siku kubwa za maisha yangu.

Bi. Tansy ametufikishia maelezo kuhusu kasi ya santuri. Kamati imekutana, na wajumbe wetu wa Uingereza wamesikiliza kwa njia ya video. Hatuyakatai. Inawezekana ni kweli. Hata hivyo, wimbo ambao ulimwengu umeupenda ni ule uliomo kwenye santuri, na wajibu wetu ni kuulinda kama ulivyo. Mashindano ya kucheza yatafanyika kwa wimbo huo. Wachezaji wamefanya mazoezi miezi mingi kwa kasi hiyo, na wengine wamekwisha kulipia ndege.

Kwa sababu hiyo tunaomba tuendelee kama tulivyoafikiana na Bi. Tansy tangu Februari, alipotupa anwani yako kwa ukarimu mkubwa: yeye ataimba wimbo kama unavyojulikana, nawe utaketi kwenye kiti cha heshima jukwaani na kuwapungia watu mkono. Tutakuletea gauni la madoadoa la mtindo wa wakati ule. Tunakusihi usiimbe, tusije tukawachanganya wasikilizaji.

Niruhusu neno moja lisilo la kamati. Nilikuwa mvulana mwenye kigugumizi. Nilikuwa sisemi na mtu. Siku niliponunua santuri hiyo kwenye sanduku la vitu vikuukuu, nilimsikia msichana anayekwama kwenye maneno kama mimi, lakini yeye anaimba, na hajali. Nimeishi naye tangu hapo. Sijui namna ya kumwacha.

Wako mtiifu,
Gerald Thackery


Harkin Ford
12 Julai 2019

Tansy,

Barua yako ya Juni ilinikalisha. Nilikuwa natafuta maneno ya kukujibu. Nilienda mpaka kwenye kaburi la Dub nikamwambia. Nilikuwa nimeanza kuimba jikoni, na mlango wazi.

Sasa maneno nimeyapata, ila si yale niliyokusudia. Barua ya Thackery hii hapa, nimekutumia, usome mwenyewe. Tangu Februari! Mimi nakuuliza Juni nani aliwaelekeza, wewe unaniletea habari za mbwa wa kuwinda. Ulikwisha kuniuza zamani, kiti, gauni na kupunga mkono, kama sanamu la dukani. Na umekubali nisiimbe kabla hata hujaniuliza kama nataka kuimba.

Thackery simlaumu sana. Yule anampenda msichana ambaye hayupo, nami namhurumia. Wewe ulikaa jikoni kwangu tangu huwezi kufunga viatu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuimba, Tansy. Uliposikia hiyo santuri mara ya kwanza, hukujua kuwa si mimi? Au ulijua, ukaona yenyewe ndiyo inayouza?

Siji. Gauni mvalisheni mwingine.

Verlene


Little Rock
27 Julai 2019

Shangazi,

Haya. Na mimi nikasirike kidogo, kwa sababu hasira si mali yako peke yako.

Ndiyo, niliwapa anwani. Ndiyo, nilikuficha, kwa sababu ningekuomba ungekataa, na wewe ukikataa unakataa kama ukuta. Nilitaka uketi mahali watu elfu mbili wasimame kwa ajili yako. Hilo ndilo kosa langu. Sikukuuza, nilikuwa nakuonea fahari.

Unaniuliza kama sikujua. Ningejuaje? Hukuwahi kuniimbia wimbo huo. Ulinifundisha nyimbo za kanisa na za kulaza watoto, ila huo uliufungia. Nilipofika kwenye bendi ya kwanza nikaambiwa shangazi yako ni Verlene wa "Toa Gari Lako", nilikuwa sina habari, watu wakanicheka. Nikausoma kwenye santuri kama yatima anavyosoma habari za mama yake. Kama ilikuwa uongo, basi ndio pekee nilioachiwa.

Na ngoja nikwambie kuhusu sisi tunaoiga. Usiku nalala kwenye gari la bendi miguu yangu ikiwa juu ya besi. Mikono ya Boone imepasuka kwa kupiga nyuzi, anaibandika plasta halafu anapanda jukwaani hivyo hivyo. Kama si watu kama sisi, muziki wako ungekuwa chini ya kitanda cha mtu huko Ohio, kwa kasi yoyote ile. Sipendi kusemwa kama mwizi.

Thackery amesema wazi: nikibadilisha wimbo, Finland na Hispania hakuna. Boone ananitazama tu.

Tamasha ni tarehe kumi Agosti, jioni. Nimekwambia, kazi kwako.

Tansy


Harkin Ford
12 Agosti 2019

Tansy,

Nilikuja.

Sikutaka ujue. Jirani yangu Nadine alinileta na gari lake, tukakaa nyuma kabisa, karibu na muuza kambare wa kukaanga, mimi nimekalia sanduku la barafu. Sijawahi kuona watu wa ajabu kiasi kile mahali pamoja. Wanaume wazima na nywele za jogoo. Wasichana wamechorwa mikono mizima. Niliwapenda, sitasema uongo. Hakuna aliyekuwa anajidai. Msichana mmoja aliyechorwa joka shingoni alininunulia soda akaniambia viatu vyangu ni vya enzi zile kweli, si vya kuigiza.

Halafu nikatazama jukwaani, nikaona kiti. Wamekiweka mbele, na lile gauni la madoadoa wamelitandaza juu yake, na shada la maua, na mshumaa. Nikamgeukia Nadine nikamwambia, "Nadine, nimekufa na hukuniambia." Damu ilinichemka. Nilitaka kwenda pale pale nikakikalie. Ila ulipanda wewe.

Nilikusikia ulivyosema. "Wimbo unaofuata utapigwa kwenye E, kama ulivyoimbwa na mwenyewe. Anayetaka kukimbia, njia ile pale." Wachezaji walikuwa wamesimama tayari, namba zimebandikwa migongoni. Boone akaanza kupiga besi lile, kofi na uzi, kofi na uzi, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa, Tansy. Ndivyo ilivyokuwa mle chumbani.

Wachezaji wakajaribu, miguu ikawapotea. Mmoja akapaza sauti, "Ongeza kasi! Mbona mnalala?" Wengine wakazomea. Mtu akatupa kikombe kikamgonga Boone begani, naye hata hakutazama. Wewe hukusimama. Thackery alikuwa pembeni ya jukwaa, mkono mdomoni. Nilidhani atazima vipaza sauti, lakini hakuvizima. Wengi waliondoka kwenda kwenye bia. Waliobaki walisogea karibu na jukwaa, na msichana wa joka alifumba macho.

Ulinifanya nilie, na sijui ni lini nililia mara ya mwisho mbele ya muuza samaki. Najua ilikugharimu nini. Boone kanipigia simu jana akaniambia Finland haipo tena, na koti kalirudisha dukani. Hilo linaniuma, na nitaliombea, na nisamehe kwa neno la kuuzwa. Nililisema kwa hasira na halikuwa kweli.

Sasa nimeshasema mazuri. Sikiliza.

Umeuimba vibaya.

Noti ni zenyewe, kasi ni yenyewe. Lakini ulikuwa unakiimbia kile kiti. Ulikuwa unaniomboleza! Uso umeukunja, sauti inatetemeka, "kuku wanataka kupita" umelisema kama watu wanabeba jeneza. Nani kakwambia ni wimbo wa huzuni? Nilikuwa nimesimama barazani na ufagio, namfukuza Hershel Pate huku majirani wote wananitazama, na nilikuwa naona raha. Sikuwa na haraka kwa sababu raha yenyewe sikutaka iishe. Wao wamenifanya mtoto anayekimbia mbwa, na wewe umenifanya marehemu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Basi pale kwenye kambare nikaanza kuuimba mwenyewe, kwa sauti ya kawaida tu, nikimwonyesha Nadine. Kijana mmoja mwenye koti akanisogelea, akasikiliza mpaka kiitikio, akatabasamu kwa upole kabisa. "Mama, unajitahidi, lakini hapo umekosea." Tansy, kama ningekuwa na ule ufagio.

Aliyemwondoa ni Thackery. Sijui aliniona saa ngapi. Macho yalikuwa mekundu, na kile kigugumizi chake kimemrudia. Ilimchukua muda mrefu kuniuliza kama ningeanza tena, toka mwanzo, mbele yake. Nikaanza tena. Hakunikatiza. Nilipomaliza hakusema ni nzuri wala mbaya, akaniuliza tu Hershel alitoa gari au hakutoa. Mtu wa kwanza kuniuliza tangu mwaka 1958. Nikamwambia alitoa, na kuku mmoja aligongwa, tukamla Jumapili.

Basi nimeamua. Njoo Jumapili hii baada ya ibada, na umlete Boone na besi lake na mashine ya kurekodia. Jikoni kunasikika vizuri kuliko sebuleni. Nimemwalika Thackery pia, mradi asije na yule wa koti. Nitapika bamia na mkate wa mahindi, tule kwanza, maana siimbi na njaa.

Nitakayeimba ni mimi. Wewe utaitikia nyuma yangu, na ukianza kulia nitakutoa nje.

Shangazi yako,
Verlene